Vidonge Vyangu Haviuzwi

Makomredi, wiki mbili kabla ya mitihani ya muhula uliopita nilipokea maombi saba. Matatu yalikuja kwa WhatsApp, mawili mlangoni usiku, moja kwenye foleni ya chakula, na moja kutoka kwa mtu ambaye hata jina langu hakuwa akilijua vizuri. Wote walitaka kitu kimoja: "vile vidonge vyako vya kusoma". Mmoja alishapanga na bei kabisa, shilingi mia mbili kwa kidonge, M-Pesa hapo hapo.

Nimeamua kuwajibu wote kwa pamoja, na kwa urefu, kwa sababu nikiwa mlangoni nimejifunga leso huwa nasema "hapana, nenda ukalale" na mtu anaondoka akidhani mimi ni mchoyo. Tena wapo wengine ambao hawataki kununua. Wanataka kujua nilivipataje, maana wanajiona humo. Hao ndio hasa ninaowaandikia.

Nina ADHD. Kwa lugha ya mtaani ningesema ni kichwa kisichotulia, lakini hiyo inaficha mengi. Ni hali ya ubongo inayoanza utotoni: umakini unaponyoka, mambo yanasahaulika, kazi inaanzwa haimalizwi, na kwa wengine mwili wenyewe hautulii. Mimi mwili wangu hutulia sana, na hapo ndipo watu waliponipotea. Shule ya msingi nilikuwa yule msichana wa dirishani, kimya, daftari safi kwa kurasa tatu za kwanza. Ripoti zangu zote zina sentensi ile ile kwa miandiko tofauti: ana uwezo, aongeze bidii. Wavulana waliokuwa wakirukia madawati ndio walioonekana wana tatizo. Sisi wa dirishani tuliitwa wavivu, basi.

Nyumbani na shuleni kulikuwa na kengele, mwalimu wa zamu na mama. Chuo hakuna hata kimoja. Mwaka wa pili nilikosa CAT mbili nikiwa nimekaa maktaba, tena nikisoma, ila nilikuwa nasoma historia ya reli ya Uganda ambayo haimo katika yuniti yangu yoyote. Nilianza saa tatu asubuhi, nikainua kichwa saa nane. Marafiki walicheka. Mimi nililia chooni.

Sasa, sisi wa elimu tuna yuniti ya saikolojia, na ADHD imo. Slaidi moja. Imeandikwa kama maelezo ya mtoto msumbufu ambaye mwalimu ajue namna ya kumkalisha mbele. Hakuna msichana wa dirishani hapo, wala hakuna mtu mzima, kana kwamba mtoto huyo akifika kidato cha nne anapona pamoja na chunusi. Wengi hawaponi. Nilimuuliza lekchara baada ya kipindi, akaniambia kwa upole nikazungumze na mtaalamu. Nashukuru, ila mtaalamu yuko wapi? Zahanati ya chuo ina muuguzi mzuri sana na dawa za malaria.

Nikaingia kwenye simu, kama kila mtu. Video zote zilizokuja zilikuwa za Marekani. Msichana wa rika langu amekaa kitandani, anasema alijaza fomu kwenye programu, akaongea na mtu kwa nusu saa, siku mbili baadaye akachukua dawa zake duka la mtaani. Nikajiambia, kumbe ni rahisi hivyo.

Nilipochimba nikakuta hadithi yenyewe ni ndefu, na nataka muijue kwa sababu kila anayetaka njia ya mkato anataka kitu ambacho kule kilishajaribiwa. Marekani ina sheria ya 2008 yenye jina la Ryan Haight, kijana wa California aliyefariki mwaka 2001 akiwa na miaka 18, baada ya kumeza dawa kali ya maumivu aliyoipata kwenye intaneti kwa karatasi ya daktari ambaye hakuwahi kumwona. Sheria hiyo ilitaka mgonjwa aonwe ana kwa ana angalau mara moja kabla ya kuandikiwa dawa zinazodhibitiwa kupitia mtandao. Machi 2020, korona ilipofunga milango, sharti hilo likasimamishwa, na ruhusa hiyo imekuwa ikiongezwa muda mara kwa mara. Kampuni zikaingia kwa kishindo. Cerebral na Done zilitangaza huduma zao mitandaoni kama watu wanavyotangaza viatu.

Mwaka 2022 Cerebral ikaacha kuandika dawa hizo baada ya serikali kuanza kuichunguza. Juni 2024 mwanzilishi wa Done alikamatwa pamoja na daktari aliyeongoza upande wa tiba, na waendesha mashtaka wakasema vidonge zaidi ya milioni 40 vilitoka kwa njia hiyo na mapato yakapita dola milioni 100. Siku hiyo hiyo wagonjwa wa kweli wakabaki hewani. Shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, CDC, lilitoa onyo kwamba watu wazima kati ya 30,000 na 50,000 huenda wakakosa huduma. Na tayari dawa yenyewe ilikuwa adimu: upungufu wa Adderall ulitangazwa rasmi Oktoba 2022, na watu wenye karatasi halali walizunguka maduka ya dawa wakirudishwa.

Hapo nilikasirika, na bado nina hasira. Wale watu elfu hamsini hawakuwa wezi. Wengine walikuwa kama mimi, mbali na daktari, na simu ndiyo iliyokuwa barabara yao. Walioharibu ni waliogeuza mazungumzo kuwa mauzo. Ukinipa daktari anayeniamini ndani ya dakika kumi, umenipa mtu asiyenichunguza, na siku polisi wakija kwake, karatasi yangu haina thamani.

Kwetu Kenya tiba kwa njia ya mtandao si jambo la kichochoroni. Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua, na 2023 ikapitishwa Sheria ya Afya ya Kidijitali. Rafiki wa dada yangu alinipa namba ya daktari wa magonjwa ya akili aliyeko Nairobi ambaye huona wagonjwa kwa video. Nililipa, nikanunua bando, nikajifungia katika darasa tupu jioni kwa sababu hosteli yetu ina watu wanne na pazia moja.

Kikao cha kwanza kilikuwa dakika hamsini na sikuandikiwa hata panadol. Aliniuliza kuhusu usingizi, kuhusu huzuni, kama nimewahi kuwa na kipindi cha furaha iliyopitiliza, kama natumia miraa au kitu chochote, kama kuna aliyewahi kufa ghafla kwetu kwa moyo. Akaeleza kwamba kukosa usingizi, msongo wa mawazo na hata upungufu wa damu vinaweza kuvaa sura ya ADHD, kwa hiyo lazima aviondoe kwanza kimoja kimoja. Kisha akanitumia fomu ya maswali 18 inayotumiwa kwa watu wazima, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani. Ilinichukua siku tisa kuimaliza. Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema hilo nalo ataliandika.

Halafu akasema anataka kuongea na mama.

Sikutaka. Lakini dalili lazima ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, na mimi siwezi kujitolea ushahidi wa utoto wangu mwenyewe. Basi nikaenda nyumbani Malindi wikendi, nikaweka simu juu ya kopo la unga wa ngano mezani, mama akajifunga mtandio vizuri kama anakwenda harusini.

"Mama, habari za Malindi? Huyu binti akiwa mdogo alikuwa mtoto wa aina gani?"

"Mtoto mzuri, daktari. Hana ugomvi na mtu. Ila ukimtuma sukari arudi na kiberiti, au asirudi."

"Hiyo ilitokea mara ngapi?"

"Mwanangu, mimi niliacha kumtuma."

Alimwita daktari "mwanangu" na daktari akaitika, nikajua mambo yanakwenda. Mama akaenda chumbani akarudi na ripoti zangu zote tangu darasa la kwanza, kwenye mfuko wa plastiki, akawa anazisogeza mbele ya kamera moja moja. Sikujua kama amezihifadhi. Daktari alisoma sauti ya chini: ana uwezo, aongeze bidii. Ana uwezo, aongeze bidii.

Mambo yalikwama alipotaja dawa. Alisema waziwazi, na namheshimu kwa hilo, kwamba methilifenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin, ni dawa ya kuchangamsha ubongo, kwamba imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili, na kwamba anayeitumia hufuatiliwa. Mama akanyamaza. Kisha akauliza, "Yaani ni dawa za kulevya?"

Kwa msomaji wa bara, swali hilo laweza kuonekana la kizamani. Kwetu pwani si hivyo. Unga umeingia mitaa yetu tangu kabla sijazaliwa, na karibu kila mtaa wa Malindi una jina la mtu asiyetajwa kwa sauti. Kwetu ni mjomba, ndugu wa pekee wa mama. Mama aliwahi kuuza cherehani kumlipia deni. Leo mjomba yu hai, na kila asubuhi anakwenda kliniki ya methadoni pale mjini, anakunywa kipimo chake mbele ya muuguzi, anarudi zake kazini. Sasa daktari wa kwenye simu anamwambia mama kwamba binti yake, tumaini la nyumba, ameze kitu kinachodhibitiwa. Mama alikata simu. Hakukata kwa hasira, aligusa tu kile kitufe chekundu na kwenda kuosha vyombo.

Siku tatu hatukuzungumza juu yake. Mimi nilirudi chuo. Aliyeongea naye ni mjomba, na maneno yake niliyasikia baadaye kwa mama mwenyewe: "Dada, hii ninayokunywa mimi na unga vyatoka ukoo mmoja. Unga nilijipimia mwenyewe. Hii napimiwa. Muulize mtoto nani atampimia." Mama akanipigia, akaniuliza hivyo hivyo. Nikamjibu: daktari, kila mwezi, na muuguzi wa chuo atanipima presha. Akasema, "Na mimi nataka kuhesabu." Nikakubali. Kila nikienda nyumbani ananidai chupa.

Kamera haipimi presha, ndiyo maana ilibidi muuguzi wetu aingie. Alinipima presha, mapigo na uzito, akaandika kwenye karatasi nikaipiga picha. Hilo limekuwa la kila mwezi, kwa sababu dawa hii hupandisha mapigo na hukata hamu ya kula. Huyu mama wa zahanati hajawahi kuniuliza swali la umbea. Akiona uzito umeshuka huniambia tu, "Kula kabla hujameza."

Baada ya kikao cha tatu nikaandikiwa. Nikadhani nimefika. Kumbe kila kilichokuwa kwenye simu kilikuwa upande mwepesi! Duka la kwanza la dawa hawakuwa nayo. La pili, kijana alisoma picha ya karatasi kwenye simu yangu, akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza nasoma au nafanya biashara. La tatu, Mombasa, mwenyewe alikuwa mzee mstaarabu. Alisema dawa anayo, lakini kwa dawa ya aina hii hatoi kwa picha. Anataka karatasi halisi, sahihi ya wino, muhuri, na karatasi anabaki nayo, na ataandika kitambulisho changu kwenye daftari lake.

Kwa hiyo daktari niliyemwona kwa sekunde moja ya intaneti ilibidi karatasi yake isafiri usiku kucha kwa basi. Nililipa ada ya kifurushi, nikaamka alfajiri, nikachukua matatu hadi Mombasa, nikapokea bahasha Mwembe Tayari, nikampelekea mzee. Nimefanya hivyo kila mwezi tangu Novemba. Nauli, kifurushi, kikao na dawa vikijumlishwa, HELB yangu inalia. Sipingi daftari la mzee hata kidogo. Nikilinganisha na kule Marekani, daktari wangu ndiye aliyekuwa mpole na mrefu, na hivyo ndivyo nitakavyo. Kinachonichosha ni bahasha. Kama serikali inaweza kujua nimelipa fiizi dakika ile ile, inaweza pia kumthibitishia mzee kwamba sahihi ile ni ya daktari halali bila basi kuhusika.

Na vidonge vyenyewe vinafanyaje? Nilianza na nusu ya kidonge cha miligramu 10 asubuhi, nusu mchana. Siku ya kwanza nilikaa kitandani nikisubiri kitu kitokee kichwani. Hakikutokea. Nilifua nguo. Nilifua zote, nikazisuuza, nikazianika, nikarudisha beseni kwa mwenyewe. Nilipokuwa nazitoa kwenye kamba jioni ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimeacha katikati, na nikasimama pale na shuka mkononi kwa muda. Hiyo ndiyo dawa. Hainipi akili. Haijui Kiswahili wala jiografia. Inanifungulia mlango kwa saa nne hivi, mle ndani lazima niingie mwenyewe, na ikiisha nguvu naishiwa na hamu na wakati mwingine nakuwa mkali kwa watu wasio na hatia. Wenzangu wa chumba wanajua saa hiyo, wananiachia.

Kwa hiyo komredi wa shilingi mia mbili: kama huna hali hii, unanunua nini? Kuna utafiti uliochapishwa 2023 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne huko Australia. Walichukua watu 40 wazima wasio na ADHD, wakawapa methilifenideti au dawa nyingine mbili za kuchangamsha, na siku nyingine kidonge kitupu. Kisha wakawapa mafumbo magumu, kama lile la kuchagua vitu vya thamani vitakavyoenea begi. Kwa dawa walihangaika zaidi, walisogeza vitu zaidi, walitumia muda zaidi, na kazi yao ikawa duni zaidi. Yaani utakesha, utajiona unafanya kazi, na insha itakuwa mbaya. Hiyo ni mbali na moyo wako ambao sijui historia yake, na wewe pia huijui mpaka mtu akuulize. Na ukweli wa mwisho ni huu, vidonge vyangu vinahesabiwa: thelathini kwa mwezi. Nikikupa kimoja nina siku isiyo na dawa, na mama ana swali.

Ramadhani ilinifundisha jambo ambalo hakuna video ya Marekani iliyonitayarishia. Dozi ya mchana haiwezekani ukiwa umefunga. Daktari, ambaye si Mwislamu, ndiye aliyeanza kuniuliza wiki tatu kabla: utafunga? Tukapanga. Ipo aina inayofanya kazi siku nzima, ila bei yake ni ya watu wengine. Tukaamua nusu moja tu, baada ya daku, na kazi zote nzito zifanyike kati ya swala ya alfajiri na saa tatu asubuhi. Baada ya hapo nilirudi kuwa msichana wa dirishani, nikahudhuria madarasa kwa mwili. Nilifaulu mwezi ule kwa kiasi. Kuna waliofaulu zaidi, na kuna siku nililala mezani.

Mei naenda TP. Nimepangiwa Hola, Tana River, kidato cha pili na cha tatu. Nimefurahi, maana nataka kufundisha, na nataka kuwaona wale wa dirishani. Lakini mwezi mzima nimekuwa na hesabu moja: nikiwa darasani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, nani atachukua dawa Mombasa? Mzee wa duka alikubali kumkabidhi ndugu yangu, mradi niandike barua, niambatanishe nakala ya kitambulisho, na karatasi ya daktari iwe halisi. Basi la Hola linapita Malindi na Garsen. Mama ana duka, hawezi kwenda Mombasa siku ya kazi. Aliyejitolea ni mjomba.

Mama alisema hapana kabla hajamaliza kusikia. Mjomba hakubishana. Alisema atakwenda baada ya kliniki, atarudi na mfuko umefungwa na muhuri wa duka, ataukabidhi kwa mama, na mama ndiye atakayeupeleka stendi. Walikaa kimya kwa muda, kisha mama akasema ataufungua ahesabu kwanza, aufunge tena kwa gundi. Mjomba akacheka, akasema hata yeye angetaka vihesabiwe. Safari ya kwanza ni tarehe 6.